Kompyuta nzito haiponi kwa ufagio

Jibu letu ni fupi. Mwenye kompyuta ya kawaida, ya ofisini, ya shuleni au ya nyumbani, hana sababu ya kuweka programu ya kusafisha kompyuta, iwe ya bure au ya kulipia. Zana zilizokuja na Windows zinamtosha. Anayemshawishi vinginevyo, mara nyingi ana kitu anauza.

Biashara yenyewe inaendeshwa kwa hofu. Unapakua programu bure, inapekua mashine kwa dakika mbili, kisha inakutangazia kwa rangi nyekundu kwamba imekuta matatizo mia kadhaa. Kuyaona ni bure. Kuyaondoa ni kwa pesa. Matatizo gani hayo? Ukifungua orodha utakuta vidakuzi vya kivinjari, faili za muda na njia za mkato zilizobaki baada ya programu kuondolewa. Hakuna hata moja linaloifanya kompyuta iwe nzito.

Nchini Marekani hofu hii imeshafikishwa kwa wasimamizi wa biashara. Machi 2019, kampuni za Office Depot na Support.com zilikubali kulipa jumla ya dola milioni 35 baada ya Tume ya Biashara ya nchi hiyo, FTC, kuzituhumu kuwadanganya wateja waliopeleka kompyuta zao dukani kwa ukaguzi wa bure. Kwa mujibu wa FTC, mfanyakazi wa dukani alianza kwa kumuuliza mteja maswali machache, likiwamo kama kompyuta yake imekuwa nzito. Mteja akijibu ndiyo, programu ilitoa matokeo ya kutisha, hata kama ndani hakukuwa na kitu. Nani hupeleka kompyuta kwa fundi kama si nzito? Miaka mitano baadaye, Machi 2024, Restoro na Reimage, kampuni mbili za Cyprus, nazo zilikubali kulipa dola milioni 26 kwa tuhuma za aina hiyo hiyo.

Tuseme programu uliyopata ni ya watu waaminifu. Bado kazi yake ni ndogo. Chukua ile ahadi yao kubwa, ya kusafisha rejista ya Windows, yaani hifadhi ambamo mfumo na programu zake hutunza mipangilio. Rejista ina maingizo kwa malaki, na Windows haiyasomi yote kila inapotafuta kitu; huenda moja kwa moja panapohusika. Kufuta mia tano yaliyopitwa na wakati ni kupunguza kilobaiti chache usizoweza kuzihisi. Ukifuta moja lisilopaswa kufutwa, kuna programu itagoma kufunguka, au mashine nzima itagoma kuwaka. Microsoft yenyewe imetamka wazi kwamba haiungi mkono programu za kusafisha rejista.

Kufuta kumbukumbu za kivinjari kila siku kunaumiza hata mfuko. Kivinjari huhifadhi picha na vipande vya kurasa ili ukirudi kesho kisivishushe tena. Ukivifagia kila jioni, kila asubuhi unavilipia upya kwa bando. Na zile programu zinazojigamba kuachia nafasi ya RAM? Mfumo huitumia RAM iliyo wazi kuweka tayari vitu utakavyovihitaji. Ukiimwaga, diski ndiyo inayobeba mzigo wa kuvipakia tena.

Kuna na suala la usalama, ambalo wengi hulisahau kwa sababu neno usafi linasikika jema. Programu ya aina hii unaipa ruhusa ya kuingia kila chumba cha kompyuta yako na kufuta itakacho. Agosti 2017, toleo la 5.33 la CCleaner, programu maarufu kuliko zote za kundi hili, lilitoka likiwa limepandikizwa msimbo wa wadukuzi, tena likiwa na saini halali ya mtengenezaji. Lilishawafikia watumiaji wapatao milioni 2.27 lilipogunduliwa mwezi uliofuata. Walengwa halisi walikuwa makampuni makubwa ya teknolojia, na watumiaji wengine wote walikuwa njia tu ya kupitia. Hata hivyo, watu hao walikuwa wamepakua programu sahihi kutoka mahali sahihi.

Kinachofanya kompyuta iwe nzito hakijifichi. Mashine nyingi zinazouzwa kwetu ni za mtumba, zenye diski ya zamani inayozunguka na RAM ya GB 4. Ondoa diski hiyo, weka SSD, na kompyuta iliyokuwa ikichukua muda wa kuchemsha chai kuwaka itawaka kwa chini ya dakika moja. Pesa ya leseni inayolipwa kila mwaka ni afadhali iwekwe akiba kwa ajili hiyo. Kisha angalia programu zinazojiwasha zenyewe: bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia sehemu ya Startup, zima usizozihitaji. Kama una programu mbili za kuzuia virusi, ondoa moja. Zinagombania kazi ile ile.

Halafu kuna vumbi, vumbi lenyewe la barabarani. Feni ikiziba, prosesa hupata joto na hujipunguza kasi yenyewe ili isiungue. Kwa joto la Mombasa au Dar es Salaam, kupuliza feni ndio usafi pekee wa kompyuta tunaoweza kuutetea bila kigugumizi.

Tukubali jambo moja. Diski ikikaribia kujaa, kufuta takataka kuna faida ya kweli, hasa kwenye zile laptopu ndogo zenye hifadhi ya GB 32 zinazoshindwa hata kupokea masasisho ya Windows. Lakini hapo tayari una Storage Sense, iliyo ndani ya Windows 10 na 11. Iwashe mara moja na iache ifanye kazi. Hata mabaki ya mfumo wa zamani baada ya sasisho kubwa, Windows huyafuta yenyewe baada ya siku 10. Tahadhari ni moja: kagua kwanza kama Storage Sense imeagizwa kufuta folda ya Downloads, maana wengi wetu ndimo tunamoweka vyeti na risiti.

Kwa mafundi wanaotoza pesa ya "kusafisha kompyuta" kisha wakaweka programu ya bure na kubonyeza kitufe kimoja: mteja ana haki ya kuuliza kimefutwa nini na kwa nini. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na Kenya ina Sheria ya Kulinda Wateja ya mwaka 2012. Zote zinakataza kumdanganya mnunuzi. Tume ya Ushindani ya Tanzania na wenzao wa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya wanaweza kuanza na jaribio rahisi: wachukue kompyuta mpya, wazitoe kwenye boksi, wazipekue kwa programu hizi zinazotangazwa kila kona, kisha watuchapishie ni matatizo mangapi yamepatikana kwenye mashine ambazo hakuna aliyewahi kuzitumia.