Bango Lisilo na Jina

Mwaka 1939, watu wa Taita walipoona ardhi yao inazidi kumegwa na kugeuzwa mashamba ya walowezi, waliasisi chama cha Taita Hills Association ili wadai haki yao, na mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikakipiga marufuku. Habari za chama hicho tunazo kwa kuwa karatasi iliyopelekwa ofisini aghalabu hutunzwa, hata na yule aliyeichukia. Bango la mwanafunzi halina bahati hiyo.

Nakumbuka, enzi za usomi wangu, usiku wa kuamkia maandamano, tulivyopasua maboksi ya sabuni tuliyopewa na mwenye duka, tukayalaza sakafuni bwenini, mwenye mkono wa hati akipiga mistari kwa penseli, mwenye jicho la picha akichora uso wa mheshimiwa na kitambi chake, na sisi tuliobaki, tusiojua sanaa hata chembe, tukijaza rangi na kubishana juu ya neno moja hadi jogoo akawika. Hatukutia saini. Hofu ilikuwapo, sikatai. Lakini kulipopambazuka hapakuwa na hata mmoja awezaye kusema kwa dhati kwamba bango lile ni lake.

Mei 1968, wanafunzi wa École des Beaux-Arts mjini Paris, pamoja na wachoraji waliojiunga nao, walishika njia iyo hiyo: kila mchoro uliwekwa mbele ya mkutano ukajadiliwa, uliokubaliwa ukapigwa chapa kwa wingi, wala jina la mchoraji halikuandikwa. Mabango hayo leo yamo katika majumba ya makumbusho. Ya kwetu ya Juni 2024, vijana wa Kenya walipoupinga Mswada wa Fedha hata Rais akakataa kuutia saini tarehe 26, mengi yalikanyagwa barabarani yakazolewa pamoja na taka.

Nina neno na vijana wenyewe pia. Kaunti yetu ya Taita Taveta, ambayo takriban asilimia 62 ya ardhi yake imo ndani ya mbuga za Tsavo, ambako ndovu akivunja ua usiku mahindi ya msimu mzima huwa yamekwisha kabla ya alfajiri, na ambako watu wameishi uskwota kando ya mashamba ya mkonge kwa vizazi, haikosi la kuandika. Basi kwa nini tuandike Kiingereza, ilhali mama auzaye ndizi sokoni Voi ndiye tunayetaka asimame asome? Kiswahili kipo, na Kidawida, lugha ya Wataita, kipo, na mchoro wa ndovu juu ya shamba hauhitaji mkalimani. Wala asiwatishe mtu: kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010 kimempa kila mtu haki ya kuandamana kwa amani, bila silaha.

Chuo Kikuu cha Taita Taveta kiko hapa hapa Voi. Nawaomba wasimamizi wa maktaba yake watenge kabati moja, na wanafunzi wawapelekee mabango yao yakiisha kazi, mgongoni pameandikwa tarehe na mahali yalipobebwa. Majina ya waliochora yaachwe.