Mashini ya ofisi nayo inashikwa na ugonjwa

Ndugu wakulima, juzi nilikuta koperative moja wakichangisha franka za kununua dawa ya mnyauko wa migomba. Waliiona kwenye ordinateri ya ofisi. Dawa hiyo haiko! Mpaka leo mnyauko hauponi kwa kupulizia: ni kukata mgomba ulioshikwa, kuvunja ua dume kwa kijiti chenye panda, kupitisha panga kwenye moto.

Shida ilikuwa mashini. Kila walipoandika swali ndani ya Google, ukurasa uliruka wenyewe na kufungua matangazo ya biashara. Wao walifikiri njo jibu. Mimi simlaumu muhasibu peke yake. Sisi wote tunachukua programu za bure popote, tunabonyeza “oui, oui” bila kusoma, na kirusi kinaingia hapo.

Fundi wa mjini alitaka kufuta kila kitu, hata daftari la mavuno. Haikuhitajika. Tuliondoa kwanza programu ngeni ndani ya Windows. Kisha Chrome: vidoti vitatu, “Extensions”, tukatoa ile ambayo hakuna mtu aliijua. Ndani ya “Paramètres” tukairudisha Google mahali pake, halafu tukaipima mashini kwa antivirusi ya Windows yenyewe.

Kwa maoni yangu, komite isilipe dawa yoyote iliyoonekana kwenye mashini kabla ya kumuuliza moniteri wa kilimo. Kule kwao, franka zimerudishwa kwa wenyewe. Zilizobaki za kasha zilinunua panga mbili.