Kabla ya kununua jiko la kubanikia, uliza pipa limetoka wapi

Kila Idi el-Adh'ha inapokaribia, wasomaji wetu wa Maswa na Bariadi hutuuliza juu ya nyama: namna ya kuikata, kuigawa na kuihifadhi. Safari hii maswali yamegeukia chombo. Zipo familia zinazotaka kuweka uani jiko la kubanikia kwa kuni, lile ambalo moto hukaa katika kisanduku chake pembeni, na nyama hulala ndani ya pipa, ikiivishwa taratibu na joto na moshi unaopita kuelekea kwenye dohani. Jiko la namna hii limepata umaarufu mkubwa huko Texas, Marekani, lakini jambo lenyewe si geni kwetu. Sangara na sato wanaofika sokoni kutoka Ziwa Victoria wakiwa wamebanikwa, wamepitia moshi kama huo.

Mafundi wetu wa kuchomelea vyuma wanaweza kulitengeneza, na wengi huanza na pipa la lita 200, lenye urefu wa karibu sentimita 88. Ukubwa huo unaitosha familia na wageni wake. Swali la kwanza basi lisiwe bei. Liwe hili: pipa hili lilibeba nini kabla ya kufika hapa?

Maswa ni nchi ya pamba, na palipo na pamba pana viuatilifu. Pipa lililowahi kuwa na kiuatilifu au kemikali yoyote ya kiwandani halifai kwa chakula, hata likioshwa kwa sabuni siku nzima, hata likitolewa bure. Vivyo hivyo pipa ambalo muuzaji hawezi kueleza historia yake. Hapa hatuoni nafasi ya huruma wala ya kuona haya, maana watakaokula ni watoto. Lililo bora ni lile lililokuwa na mafuta ya kula. La petroli au dizeli lina hatari nyingine: mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka fundi anapolikata, na kwa sababu hiyo mafundi wenye uzoefu hufungua vizibo na kulijaza maji kwanza. Pipa lolote lichomwe kwa moto mkali hadi rangi ya ndani iishe, kisha lisuguliwe mpaka chuma kionekane. Wavu wa kuwekea nyama usiwe wa chuma kilichopakwa zinki, wala bati la kuezekea lisitumiwe karibu na moto, kwa kuwa zinki ikipata joto kali hutoa mvuke unaodhuru.

Kwa familia ya Kiislamu lipo swali la pili, nalo ni la wale wanaonunua jiko lililokwisha kutumika. Majiko mengi ya aina hii huuzwa na wenye baa, na huko kitimoto huchomwa juu ya wavu huo huo. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, najisi ya nguruwe huondolewa kwanza yenyewe, kisha chombo huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Inawezekana kufanya hivyo. Lakini mafuta yaliyogandamana katika pembe za pipa kwa miaka mitatu si kazi ndogo kuyaondoa, na kwa maoni yetu fedha ya jiko la namna hiyo ni afadhali iongezwe kidogo ukatengenezewe jipya.

Ukishakubaliana na fundi, angalia unene. Chuma cha pipa ni chembamba, karibu milimita moja. Chatosha kwa chumba cha nyama, ila kisanduku cha moto kikitengenezwa nacho kitapinda na kutoboka mapema. Mwombe fundi pleti ya milimita nne au zaidi. Kisha lijaribu jioni: weka kurunzi inayowaka ndani, funga kifuniko, na uzunguke polepole. Kila panapopenya mwanga ndipo joto na moshi vitakapovujia. Fundi azibe kabla hujalipa kilichobaki.

Kuni nazo zina hesabu yake. Jiko hili hutaka nyuzi 110 hadi 130 za Selsiasi kwa saa nyingi, na saa nyingi maana yake ni kuni nyingi. Wazee wanakumbuka hali ilivyokuwa mwaka 1986, Maswa ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga, mradi wa HASHI ulipoanza kurudisha miti kwa kutumia ngitili za Wasukuma. Itakuwa aibu miti hiyo iishie kwenye kidari cha ng'ombe. Matawi ya mwembe na mpera yaliyopogolewa uani na kukaushwa miezi kadhaa yanafaa sana. Mwarobaini huacha uchungu, mkaratusi una harufu ya mafuta yake, na mnyaa wa ua usiguswe kabisa, kwani utomvu wake ni sumu na ukiingia machoni huumiza vibaya. Moshi mzuri ni mwembamba, karibu hauonekani. Ule mzito mweupe huitia nyama masizi, na humwingilia jirani dirishani. Familia ya watu watano sita isione haya kuchagua nusu ya pipa yenye kifuniko, makaa upande mmoja na nyama upande wa pili.

Jambo moja la udhiya lisisahauliwe kwa furaha ya chombo kipya. Kwa Mashafi, fungu la maskini hutolewa likiwa nyama mbichi. Iliyopikwa au kukaushwa haitoshi. Litengwe na lifikishwe kwa wenyewe kabla kuni hazijawashwa.

Jiko likifika nyumbani, liweke mbali na paa la nyasi na mbali na chumba cha watoto. Paka ndani mafuta ya alizeti, washa moto saa tatu bila nyama, liache lipoe. Kwa jaribio la kwanza kuku mmoja atatosha, na kipimajoto kikichomekwa pajani kisome nyuzi 74 kabla hajaliwa. Kidari kisubiri juma la pili.