Miwani Isitolewe kwa Kukisia Umri

Mshona nguo wa miaka 45 anayeshindwa kutunga uzi kwenye sindano na dereva wa umri huohuo huweza kufika kliniki moja wakiwa na lalamiko moja: macho hayaoni vizuri. Kuwapa miwani ya namba moja kwa sababu umri wao ni mmoja ni kosa. Mshonaji huhitaji kuona vyema kazi iliyo mikononi mwake; dereva huhitaji kuona mbali. Aidha, jicho la kulia na la kushoto huweza kutofautiana, ilhali miwani ya kusomea iuzwayo mitaani kwa kawaida huwa na nguvu sawa pande zote mbili.

Hatari kubwa zaidi ni ile isiyolalamikiwa. Presha ya macho aghalabu huharibu neva ya jicho taratibu, pasipo maumivu, na uoni uliopotea haurudi. Anayeuziwa miwani bila kuchunguzwa huweza kusoma gazeti kwa furaha huku ugonjwa ukiendelea.

Hivyo basi, mhudumu aulize kwanza kazi ya mgonjwa, apime kila jicho peke yake, achunguze presha na neva, ndipo aandike namba. Mgonjwa naye ana haki ya kudai hatua hizo kabla ya kulipia miwani.