Fundo Lenye Kufunguka



Kila likizo wengi kati yetu tunapanda boti kurudi nyumbani, Moba ao Baraka. Ziwa Tanganyika tunalijua vizuri katika jeografia: urefu karibu kilometa 670, kina metre 1.470. Lakini mupe mwanafunzi wa darasa la sita kamba, umwambie afunge mtumbwi. Anazungusha, anazungusha tena, anafunga kama viatu, kisha anatumaini.

Wengine wanasema hiyo ni kazi ya wavuvi, sisi tunatafuta diploma. Sikubali. Wakati wa kiangazi, upepo wa kusini ukivuma, hakuna mtu ataulizia diploma yako.

Mimi naona fundo moja lingetosha kuanza nalo, lile la kitanzi kisichokaza. Fanya kitanzi kidogo katika kamba, upande wa ncha ukiwa juu. Ncha iingie ndani toka chini, izunguke nyuma ya kamba ndefu, irudi ndani ya kitanzi kile kile, halafu vuta. (Kamba ya nailoni inateleza, uache mkia wa shubiri nzima.) Mwenye kuanguka majini akikivaa chini ya makwapa, mnamvuta bila kumbana kifua. Kitanzi cha mtego, chenye tunakamatia kuku, kinakaza kila ukivuta. Na ndicho watu wanatupia wenzao, kwa nia nzuri kabisa!

Lile fundo la mizigo, kushoto juu ya kulia kisha kulia juu ya kushoto, lisiunge kamba mbili. Clifford Ashley, Mmarekani, alionya juu ya jambo hilo katika kitabu chake cha mafundo cha mwaka 1944. Kwa mzigo wa mihogo, sawa. Kwa uzima wa mtu, hapana.

Tena fundo lazima lifunguke. Someni Matendo ya Mitume 27: karibu na Malta, mbele ya kuelekeza merikebu pwani, mabaharia walilegeza kamba za usukani. Zingefungwa namna yetu, wangekuwa wangali wanatafuta kisu.

Kwa hiyo namuomba Bwana Prefe atutolee nusu saa ya salongo kila siku ya posho. Kila mtu alete kamba ya metre mbili, tuite mvuvi mmoja atufundishe. Walimu nao waje. Na mtihani ufanyike macho yakiwa yamefungwa na kitambaa, maana usiku kule ziwani hakuna taa.

Mkuu wa wanafunzi, darasa la 6