Kura ya Shingo Upande

Jumapili ya tarehe 25 Oktoba 2015 tulifupisha ibada ya kwanza. Washarika walitaka kuwahi foleni ya kupiga kura, na sisi wachungaji tulikuwa na kadi zetu mfukoni, chini ya kanzu. Ibada ya pili ilipoanza, wengi walikwisha kuwa na wino kidoleni. Baada ya baraka tulitoka nje kwenye mnada wa sadaka, kama ilivyo desturi ya sharika zetu za Upare. Mzee mmoja wa kanisa alikuwa ameleta mkungu wa ndizi, mkubwa, wa kugombewa. Siku nyingine bei yake ingepanda mara tano. Siku ile mnadishaji aliunadi mpaka sauti ikamkauka, na nusu ya watu wakatazama pembeni. Kofia aliyoivaa mzee yule wakati wa kampeni walikuwa wameiona. Mwishowe mkungu ule tuliununua sisi wenyewe kwa bei ya kutia aibu, na mwenye nao akaondoka bila kuaga.

Mzee yule na rafiki yake wa ujana, ambao walipata kipaimara siku moja, hawasalimiani tangu mwaka ule. Mmoja husali ibada ya kwanza, mwenzake ibada ya pili. Sote tunajua sababu, na sote tumezoea.

Basi tuulize: waligombana kwa ajili ya nani? Wagombea urais walikuwa wanane. John Magufuli aliyeshinda alifariki tarehe 17 Machi 2021. Anna Mghwira aliyeshika nafasi ya tatu alifariki Julai mwaka huohuo. Edward Lowassa aliyekuwa wa pili tulimzika Februari 2024. Wote watatu walioongoza kwa kura wamelala. Tena kabla ya kulala walikuwa wamekwisha kupatana. Mghwira aliteuliwa na Magufuli mwaka 2017 kuwa Mkuu wa Mkoa wetu wa Kilimanjaro, baadaye akajiunga na CCM. Lowassa alirudi CCM Machi 2019. Hata Dkt. Wilbrod Slaa, aliyeachana na siasa za chama chake kwa sababu ya ujio wa Lowassa, aliteuliwa kuwa balozi Sweden. Wakubwa walirudiana. Waliobaki na kinyongo ni watu wa mkungu wa ndizi.

Tunaandika haya kwa kuwa kila miaka mitano tunachagua viongozi wa vijiji, vitongoji na mitaa, kisha Rais, wabunge na madiwani. Hoja yetu ni moja. Mkristo anayekwenda kupiga kura shingo upande, bila kumpenda sana mgombea yeyote, hana upungufu wa imani wala wa uzalendo. Yuko karibu zaidi na Injili kuliko shabiki anayeruka jukwaani, na kuliko yule anayebaki nyumbani akijisifu kwamba mikono yake ni misafi. Nasi wachungaji mtu huyu tumemwacha peke yake.

Tuanze na shabiki, kwa maana yumo ndani ya kanzu zetu. Mwaka 2015 maneno yaliyozunguka katika sharika zetu tunayakumbuka: sasa ni zamu ya Mlutheri. Lowassa alikuwa wa kwetu, na hilo likatosha. Hatukutaka kukumbuka kwamba Septemba 2007, pale Mwembeyanga, chama kilekile kilichokuja kumsimamisha kilimtaja katika orodha ya watuhumiwa wa ufisadi. Hatukutaka kukumbuka kwamba Februari 2008 alijiuzulu uwaziri mkuu baada ya Kamati Teule ya Bunge kutoa taarifa yake juu ya Richmond. Yeye alikana kosa, na hapa hatukai kumhukumu marehemu. Tunajihukumu sisi, ambao miaka minane tulimsema vibaya, na kwa majuma machache tukamwona mkombozi. Kama kigezo kingekuwa Ulutheri kweli, mbona Mghwira, Mlutheri mwenzetu naye, alipata kura 98,763 tu katika nchi nzima? Ubatizo wake haukuhesabika. Basi haikuwa imani iliyotusukuma. Ulikuwa ni ushabiki uliovaa joho.

Upande wa pili haukuwa bora. Wako waliomwona Magufuli akipiga pushapu jukwaani wakasema huyu ametumwa na Mungu kunyoosha nchi, kana kwamba hakuwa waziri katika serikali zilezile alizoahidi kuzinyoosha, na kana kwamba chama chake hakikuwa madarakani tangu uhuru. Wengine walianza kulitaja jina lake katika maombi kwa namna ambayo tumezoea kulitaja jina moja tu. Kila mtoto wa kipaimara anajua Katekisimo Ndogo inavyoifafanua amri ya kwanza: kumcha Mungu, kumpenda na kumtumaini kuliko vitu vyote. Hatukufundishwa kwamba amri hiyo husimama wakati wa kampeni.

Katikati ya makelele hayo alikuwepo mpigakura wetu wa shingo upande. Tunamjua, wengine wetu ndio sisi. Alimtazama huyu akaona uzoefu na wingu la tuhuma. Akamtazama yule akaona bidii na chama kilichochoka. Akamtazama wa tatu, akamwona ana maneno ya busara lakini hana nafasi. Alirudi nyumbani kutoka mikutanoni bila kofia ya mtu. Alipomuuliza mchungaji wake afanye nini, akajibiwa aombe. Jibu hilo ni la kweli, lakini lilitolewa ili aondoke mlangoni.

Mtu wa namna hii hujaribiwa kubaki nyumbani, na hapo ndipo tunapogombana naye kwa upendo. Mwaka 2010 uchaguzi ulifanyika tarehe 31 Oktoba, Jumapili ya kumbukumbu ya Matengenezo ya Kanisa. Walioandikishwa walikuwa zaidi ya milioni 20. Waliopiga kura walikuwa milioni 8.6. Zaidi ya nusu hawakwenda. Mwaka 2015 idadi ilipanda hadi watu milioni 15.5 kati ya milioni 23.1, lakini hata hapo mmoja katika kila watatu hakuonekana. Wako waliokuwa wagonjwa, wako waliokuwa safarini. Lakini wako pia, na tumewasikia, waliosema kwamba siasa ni uchafu na Mkristo hachafuki.

Hao tunawarudisha kwenye Waamuzi sura ya 9, kwenye hadithi ya Yothamu. Miti ilikwenda kutafuta mfalme. Mzeituni ukakataa kwa sababu ya mafuta yake, mtini kwa sababu ya utamu wake, mzabibu kwa sababu ya divai yake. Kila mmoja alikuwa na sababu nzuri, karibu tuseme ya kiroho. Aliyekubali ni mti wa miiba, nao ulikuja na moto. Usafi wa mzeituni haukuuzuia moto huo. Na Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ambalo sisi Walutheri tunajivunia, linasema katika kifungu cha 16 kwamba utawala na utaratibu wa nchi ni kazi njema ya Mungu, na Mkristo anaweza kushiriki bila dhambi. Luther alipofafanua ombi la mkate wa kila siku aliweka humo, pamoja na chakula na mavazi, serikali njema. Anayeomba mkate huo Jumapili asubuhi na kuudharau saa nne ameomba nusu.

Lakini je, kumchagua mtu usiyempenda si unafiki? Hapana, na hapa Wapare hatuna haja ya kufundishwa na wageni. Babu zetu walichimba ndiva milimani, wakakinga maji ya kijito usiku kucha, wakayafungulia mchana yaende kwenye mifereji ya mashamba kwa zamu. Ndiva husafishwa kwa msaragambo. Katika msaragambo unashika jembe kando ya jirani usiyeelewana naye, maana tope halina ukoo. Na anapotafutwa msimamizi wa maji, hakuna anayeuliza nani anapendwa sana, wala nani anaimba vizuri kwaya. Swali ni hili: kati ya hawa waliopo, ni nani ambaye hatamfungulia binamu yake maji usiku? Ukishampata, humwachii ndiva ukalale. Unaamka alfajiri kutazama mfereji wako. Akiiba zamu, unasema mbele ya wote.

Huo ndio uchaguzi wa Rais, kwa ukubwa zaidi. Kura si ubatizo. Si kiapo cha ndoa. Ni kumkabidhi mtu mwenye dhambi ufunguo wa maji kwa miaka mitano, ukijua ni mwenye dhambi. Shabiki hawezi kulinda mfereji, kwa maana amekwisha kumpenda msimamizi. Aliyebaki nyumbani halindi, kwa maana anasema ndiva si yake. Ni yule wa shingo upande anayebaki na macho makavu ya kutazama.

Na maji kwetu si mfano tu. Mkaaji wa Same mjini anayajua madumu. Mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, wa kuvuta maji kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu, tuliusikia midomoni mwa wagombea mwaka 2015, tukausikia tena mwaka 2020, na hadi mwaka 2024 ulikuwa bado haujazinduliwa. Tulivaa kofia, tukaimba, tukanuniana kanisani, na dumu likabaki kichwani mwa mama yuleyule. Laiti nguvu tuliyoitumia kususia ndizi za mzee tungeitumia kuuliza, kila mwaka, mradi umefika wapi.

Liko pingamizi moja tunalolichukua kwa uzito wote. Wako wanaosema: mimi sikatai kura kwa dharau, nakataa kwa sababu sioni kama inahesabiwa. Mwaka 2019, katika uchaguzi wa serikali za mitaa, wagombea wengi wa upinzani walienguliwa hata vyama vyao vikajitoa. Ndugu huyo hatumwiti mvivu wala mwenye imani haba. Malalamiko yake ni ya haki na kanisa lazima liyabebe. Tunamwomba tu asinyamaze. Kutopiga kura na kukaa kimya ni kumpa mnyang'anyi risiti. Babu zetu hawakuwa na kura hata moja wakati wa mkoloni. Kodi ya mbiru ilipowekwa juu yao, mwaka 1945 walishuka kwa maelfu, kwa miguu, kutoka milimani hadi Same kwenye makao makuu ya wilaya, wakakaa hapo kudai ifutwe. Mwaka uliofuata wanawake wa Usangi wakainuka nao. Mwishowe kodi ile ilifutwa. Hawakuwa na karatasi ya kura. Walikuwa na miguu na sauti. Sisi tunavyo vyote, na tunachagua kimoja: kununa.

Sasa tuseme yetu wachungaji. Maadili ya uchaguzi yanakataza kampeni katika nyumba za ibada, nasi tunajitetea kwamba hatukumtaja mtu. Hatukumtaja, ila tulimpa kiti cha mbele, tukampa nafasi ya kusalimia, tukapokea bahasha ya harambee, tukaacha usharika ujumlishe wenyewe. Mwaka 2018, wakati wa Pasaka, maaskofu wa KKKT walitoa ujumbe ulioitwa Taifa Letu, Amani Yetu, wakasema juu ya mambo yaliyokuwa yakiumiza nchi. Sauti ile ilisumbua wakubwa, na ilistahili kusumbua. Ila tujiulize ingekuwa na uzito gani zaidi kama miaka mitatu nyuma tusingekuwa tumejipanga kwenye majukwaa. Anayekula kwa mgombea hupata shida kumkemea Rais.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo madogo, ya kufanyika katika kila usharika kuanzia sasa. Mgombea akija ibadani, akae benchi kama wengine, na bahasha yake iingie kapuni bila kutangazwa. Katika mafundisho ya wiki, tufundishe kifungu cha 16 pamoja na amri ya kwanza, siku moja, ili mtu ajue kwamba ameruhusiwa kuchagua na amekatazwa kuabudu. Katika Sala ya Kanisa tumwombee Rais kwa jina lake, na mshindwa pia kwa jina lake, kwa sauti ileile. Na mpigakura wa shingo upande akija mlangoni, tusimfukuze kwa neno la kuomba. Tuketi naye, tumwambie kwamba mashaka yake si dhambi, kisha tumsindikize hadi kwenye foleni.

Na kabla ya hayo yote, wako wale wazee wawili. Tumeogopa kwenda kwao miaka mingi, tukiita woga wetu hekima. Tutakwenda. Tukichelewa, mmoja atamzika mwenzake bila kumsalimu, kwa ajili ya watu ambao nao wamekwisha kuzikwa. Mwakani, baada ya ibada, mkungu mwingine utaletwa mnadani. Tunataka kumsikia yule wa ibada ya kwanza akitaja bei.