Kukaa pamoja si ushirika

Leo nataka kusema neno juu ya nyumba wanazokaa wanafunzi wa Kihindi wanaokwenda kusoma Uingereza na Marekani. Najua yuko atakayeuliza: sasa ya Wahindi sisi yatuhusu nini? Yanatuhusu. Hawa ni jirani zetu. Wengi wao watoto wamezaliwa hapahapa Maskati, Dubai na Doha, wamesoma skuli za Kihindi za Darsait na Wadi Kabir, na wakimaliza darasa la kumi na mbili wanapanda ndege zilezile wanazopanda wetu, wanakwenda miji ileile, wanapanga kwa wenye nyumba walewale. Yanayowapata wao leo, wetu yatawapata kesho, na wengine yameshawapata.

Na si watu wachache. Mwaka wa masomo wa 2023/24 wanafunzi wa Kihindi waliokuwa Marekani walifika 331,602, wakawapita Wachina na kuwa wa kwanza kwa wingi nchini humo. Nyuma ya kila mmoja wao kuna mzee aliyechukua mkopo benki, au aliyeuza shamba, au mama aliyetoa dhahabu yake sandukuni. Haya tunayajua, kwa sababu na sisi ndivyo tunavyofanya.

Tunawasifu sana Wahindi kwa jinsi wanavyokaa huko. "Waone wenzetu wanavyojua kubana matumizi, sita nyumba moja, wanachanga mchele na dengu, wanapika zamu." Kweli wanabana. Lakini mimi nasema ule si ushirika. Ule ni msongamano wenye sufuria moja. Ushirika una maana yake, na tofauti yake inaonekana siku mambo yanapoharibika.

Hebu tuangalie nyumba ya kawaida ya vijana hawa. Mmoja ametangulia mwaka jana, mkataba uko kwa jina lake. Wengine watano wamemkuta kwenye kundi la WhatsApp la watu wa mji wao, wametuma amana kutoka nyumbani kabla hawajaiona hata picha ya choo. Wakifika, wanakuta vyumba vitatu na sebule iliyogeuzwa chumba. Mwenye nyumba anamjua mtu mmoja tu, hao wengine hana habari nao, au anajifanya hana habari. Kule England, nyumba yenye watu watano au zaidi wasio familia moja lazima iwe na leseni ya baraza la mji, na katika nyumba hizo chumba cha kulala mtu mzima mmoja hakiruhusiwi kuwa chini ya mita za mraba 6.51. Amana nayo lazima iwekwe kwenye mfuko unaotambuliwa na serikali ndani ya siku 30. Sheria nzuri kabisa. Lakini zinamsaidia yule mwenye mkataba mkononi. Aliyepangishwa kona ya sebule na mwenzake, amana yake iko mfukoni kwa mwenzake, atashika wapi?

Na hata wakitia saini wote pamoja kuna mtego. Mikataba mingi ya pamoja inawabana wote kwa deni lote. Mmoja akirudi Hyderabad kwa kuwa baba yake kaugua, waliobaki wanadaiwa fungu lake. Ndiyo unasikia vijana waliokuwa wakila sahani moja mwezi wa Oktoba, ikifika Februari hawasalimiani.

Sasa ushirika wa kweli ukoje? Nyumba inamilikiwa au inakodiwa na chama, na wanachama wa chama ni wale wanaolala humo. Kila mtu kura moja, awe mtoto wa daktari au wa dereva. Wanapiga hesabu wenyewe: kodi au deni la nyumba kiasi gani, gesi na umeme kiasi gani, akiba ya kutengeneza paa kiasi gani, wanagawa. Hakuna faida ya mtu juu yake. Mwanafunzi akiondoka, nafasi yake inajazwa na chama, si na wenzake kuhangaika. Nyumba inabaki, watu wanapita.

Hii si ndoto ya vitabuni. Pale Ann Arbor, Michigan, wanafunzi walianza nyumba ya namna hii mwaka 1932, wakati wa ule mdororo mkubwa wa uchumi, na mwaka 1937 nyumba zao zikaunda baraza moja ambalo lipo mpaka leo. Berkeley, California, walianza mwaka 1933, hivi sasa ushirika wao unaweka wanafunzi zaidi ya 1,200. Kila mmoja ana saa zake za kazi kwa wiki: huyu anapika, huyu anasugua sufuria, yule anashika vitabu vya hesabu. Uingereza walichelewa, lakini mwaka 2014 ulifunguliwa ushirika wa Edinburgh wenye nafasi 106, na mwaka huohuo Birmingham wakapata nyumba yao ndogo mtaa wa Selly Oak. Hiyo ya Birmingham nimeipenda kwa namna ilivyopatikana: ushirika mwingine, wa biashara ya simu, ndio ulionunua nyumba ukawakodisha wanafunzi. Wakubwa wakasimama, wadogo wakaendesha.

Nimezungumza na wazee wa Kihindi kazini kwetu, watu wazima wenye watoto Leicester, Texas na Toronto, na wengi hawajapata kusikia kitu hiki. Ndicho kinachonishangaza. Kwani nani anaujua ushirika kuliko Mhindi? Siagi ya Amul unayoipaka mkate wako asubuhi imetoka kwenye ushirika wa wafugaji wa Gujarat uliosajiliwa mwaka 1946, wafugaji waliochoka kunyonywa na madalali wa maziwa. Papadi za Lijjat zilianzwa Bombay mwaka 1959 na wanawake saba kwa mtaji wa rupia 80 za kukopa. Mumbai nzima majengo ya ghorofa yanaendeshwa na vyama vya ushirika vya wakaaji. Mtu huyohuyo ambaye kwao ni mjumbe wa kamati ya jengo, anajua bei ya kutengeneza lifti mpaka senti, mtoto wake anamwacha Birmingham alale sebuleni kwa dalali.

Sababu zipo, sikatai. Kubwa ni muda. Wahindi wengi wanakwenda Uingereza kwa shahada ya pili, mwaka mmoja tu. Mwaka mmoja hutoshi hata kujua basi gani linakwenda wapi, seuze kuanzisha chama, kukisajili na kutafuta nyumba. Ukishajua, unaondoka. Ya pili ni mdhamini. Mwenye nyumba wa Uingereza anataka mtu mwenye kipato kulekule amdhamini mpangaji, na mtoto aliyetoka Kerala au Ruwi atampata wapi? Kwa miaka mingi jibu limekuwa alipe kodi ya miezi mingi mbele kwa mkupuo, na asiyeweza anaishia kwenye hiyo sebule.

Ndiyo maana nasema kazi hii si ya wanafunzi peke yao. Ni ya wazee na ya waliomaliza.

Historia yao wenyewe inaonyesha hivyo, na inaonyesha pia namna isiyofaa. Mwaka 1905 huko Highgate, London, ilifunguliwa nyumba ya wanafunzi wa Kihindi iliyoitwa India House, ya kuweka vijana kama 25, kwa kuwa wenye nyumba wengi wa London walikuwa hawataki mpangaji wa rangi ile. Aliyeifungua ni Shyamji Krishna Varma, mtu wa Mandvi, Kachchh. Mandvi si jina geni kwetu. Majahazi yake yalikuwa yakitia nanga Maskati na Unguja tangu enzi za mababu. Lakini nyumba ilikuwa ya mtu mmoja, na ilikuwa uwanja wa siasa za kupinga Waingereza. Mwenyewe alihamia Paris mwaka 1907, mwaka 1909 kijana aliyekuwa na uhusiano na nyumba ile akamuua ofisa wa Kiingereza, serikali ikawakalia, na ilipofika 1910 hakuna nyumba tena. Sitaki kuingia katika siasa zile. Ninachotazama ni kwamba vijana waliolala pale hawakuwa na kauli juu ya paa lililowafunika.

Hosteli ya wanafunzi wa Kihindi iliyoanzishwa London na YMCA mwaka 1920 imekaa zaidi ya miaka 100, leo iko Fitzroy Square na wali wake na mchuzi wake unajulikana. Imedumu kwa sababu ni mali ya taasisi, si ya tajiri. Hata hivyo ni hosteli, unalipa unalala. Sisi tunazungumzia hatua moja mbele ya hapo.

Kuna jambo la jiko, na hapa ndipo wazee wote, Wahindi kwa Waarabu, wanapokunja uso. Mzee wa Kigujarati hataki sufuria iliyopikiwa nyama. Mimi sitaki friji yenye pombe ndani yake. Watu wanadhani nyumba ya ushirika ni vijana wamechanganyika ovyo, kila mtu na lake. Si lazima iwe hivyo, kwa sababu wanaokaa ndio wanaopitisha kanuni. Berkeley kuna nyumba ya ushirika, Lothlorien, ambayo jiko lake halipiki nyama. Ann Arbor kuna Gregory House, ambayo pombe na sigara haviingii. Wamarekani wamejiwekea wenyewe, hawakuwekewa na sheikh wala na pandit.

Ndiyo maana sipendi wazo ninalolisikia kwa baadhi yao, kwamba ikiwa ni nyumba basi iwe ya Wahindi tu, tena wa jimbo letu tu. Kwanza Uingereza sheria ya usawa ya mwaka 2010 haikuruhusu kumkatalia mtu chumba kwa ajili ya taifa lake. Pili haina maana. Weka kanuni ya jiko lisilo nyama, au jiko la halali, nyumba isiyo na pombe, ghorofa ya wasichana peke yao, kisha fungua mlango. Wataingia Wahindi wengi, na atakayeingia nao ni binti wa Seeb na wa Mombasa. Mimi binti yangu akikaa na wasichana wa Kimalayali wanaopika sambar na kuzima taa saa nne, nitalala usingizi. Afadhali hivyo kuliko chumba cha peke yake kwenye yale majengo ya kifahari ya wanafunzi, kodi inamaliza posho yote na jirani hamjui jina.

Nisifiche na ubaya wake. Mikutano ni mirefu. Ugomvi wa vyombo hauishi, nyumba yoyote yenye vijana ndivyo ilivyo. Na ushirika unaweza kuoza: Barrington Hall ya Berkeley ilijulikana kwa dawa za kulevya na kelele mpaka mwisho wa mwaka 1989 wanachama wa ushirika wenyewe wakapiga kura ifungwe. Lakini angalia nani aliyeifunga. Nyumba ya dalali ikioza, nani anapiga kura?

Basi mimi rai yangu naielekeza kwa wazee wa Kihindi wa huku Ghuba, na wetu wasikilize. Hapa Oman kuna Indian Social Club yenye matawi ya lugha, Kimalayalam, Kitelugu, Kitamil na wengine. Wanaandaa sherehe, wanaleta waimbaji, ukumbi unajaa. Ndani ya ukumbi ule kuna wahasibu, mawakili, wakandarasi. Wachague mji mmoja wa Uingereza wenye watoto wao wengi. Wasianze na kununua. Waanze na nyumba moja ya kukodi, mkataba kwa jina la chama kilichosajiliwa kulekule, wazee wawe wadhamini, waliomaliza masomo na kupata kazi kulekule wakae kwenye kamati miaka miwili mitatu ili anayekuja mwaka mmoja akute mambo yanakwenda. Kodi na kanuni waamue wanaolala ndani. Ushirika wa Edinburgh na wa Birmingham ipo, wakaombe kuona katiba zao na hesabu zao.

Na mzee asiyeweza kungojea hayo, ambaye mtoto wake anaondoka Septemba hii, kabla hajatuma riali moja aulize maswali matatu tu. Mkataba uko kwa jina la nani? Nyumba ina leseni ya watu wangapi? Amana inawekwa mfuko gani? Anayeuza kitanda akianza kuzungukazunguka kwenye la kwanza, usimfikishe la pili.